Eti Krismasi Disney World hakuna watu

Juzi nimeipata tena ile meseji. "Dada, sisi tumeshajipanga, Magic Kingdom tunaingia tarehe 25 yenyewe, siku hiyo kila mtu yuko kwao anakula, tutatanua kama tuko sebuleni." Nikaisoma mara mbili, nikaweka simu chini, nikaenda kunywa maji. Kazi yangu ni kupangia watu safari za Disney World, zile bustani za michezo za Florida (Magic Kingdom ni mojawapo), na huu wimbo naimbiwa kila Desemba, kwa hiyo leo naandika mara moja halafu kuanzia sasa nitakuwa natuma linki tu.

Angalieni bei jamani. Disney World tangu 2018 tiketi inauzwa kwa tarehe, siku yenye watu iko juu, siku iliyopoa iko chini, na wiki ya Krismasi hadi mwaka mpya ndo ghali kuliko zote. Mfanyabiashara gani anapandisha bei siku ambayo duka liko tupu? Shule zimefungwa, nusu ya Marekani inakwangua theluji kwenye vioo vya magari na kule Orlando, iliko Disney, mchana ni nyuzi 22 hivi, sasa ulitaka waende wapi? Kuna miaka Krismasi hapo Magic Kingdom ilijaa mpaka wakasimamisha kuingiza watu. Na tarehe 31 ndo usiseme.

Hilo tumemaliza. Linalonitoa mvuke masikioni ni la pili, maana mtu akishakubali kwamba kutakuwa na watu anakwambia "lakini foleni nimeiona kwenye video, fupi tu, haifiki hata nje". Urefu wa foleni sio muda wa foleni! Chukua mchezo unaobeba watu 1,500 kwa saa (namba ya mfano, kila mchezo una yake). Uwezo huo hauongezeki kwa sababu ni Krismasi. Sasa mlangoni kuna njia mbili, ya kawaida na Lightning Lane ambayo watu wameilipia, na kule ndani zinakutana mahali pamoja ambapo kasimama kijana anayeamua nani apite. Siku moja nilikwama hapohapo mbele yake, nikahesabu kwa kukosa kazi: akapitisha kumi na nane wa kulipia, akatuangalia, akapitisha wawili wa kwetu, akafunga mkono, wengine kumi na sita wa kulipia hao. Piga hesabu sasa. Wa kulipia wakichukua nafasi 1,200, nyie mmebakiwa na 300 kwa saa, kwa hiyo watu 300 mbele yako ni saa nzima, wakati hao hao 300 kama ingekuwa njia moja ni dakika 12. Foleni ni ile ile, mita ni zile zile, halafu mtu anasema "mbona haisogei, mashine imeharibika?" Haijaharibika mama, inabeba wengine.

Na hapa niseme ukweli, mimi mwenyewe wateja wangu nawaambia wanunue hiyo Lightning Lane, na ndo hao hao wanaowagandisha wenzao upande wa pili. Sina amani kabisa na hilo ila nifanyeje, wiki ya Krismasi bila hiyo utapanda vitu vitatu urudi kulala. Tena usingoje siku yenyewe, waliolala hoteli za Disney wanabuku siku 7 kabla, wengine siku 3, ukizubaa unapewa saa mbili usiku na mtoto ameshalala kwenye kigari.

Ushauri wa "wahi asubuhi" nao nautoa miaka yote lakini siku hizi naanza kuona aibu, maana kila mtu kausikia na wote tunawahi pamoja.

Mengine harakaharaka. Magic Kingdom gari hulipaki getini, unapaki Transportation and Ticket Center halafu unavuka kwa monoreli au feri, kwa hiyo ongeza muda. Meza ya mgahawa buku siku 60 kabla. Mickey's Very Merry Christmas Party, ile sherehe ya usiku ya Magic Kingdom, ina tiketi yake mbali na inaisha kabla ya tarehe 25, lakini gwaride lake wiki ya Krismasi unaliona kwa tiketi ya kawaida, msilipie mara mbili.

Na beba sweta! Watu wakisikia Florida wanajaza kaptula begi zima, kumbe Krismasi ya 2022 baridi ilishuka hadi karibu na sifuri na viwanja vya michezo ya maji vikafungwa. Theluji yenyewe sasa, ile inayodondoka Main Street, barabara ya kuingilia Magic Kingdom, ni povu la sabuni, na nasema hivi kwa sababu kuna mtoto wa mteja wangu alitoa ulimi nje akaidaka, na ule uso sitausahau.

Kwa hiyo yule dada nikamjibu vizuri tu, nikamwambia kama shida ni watu aende wiki ya kwanza ya Desemba, mapambo yote yameshapandishwa na bei ni nafuu, nikamwekea na hesabu ya foleni hapo chini.

Amejibu sasa hivi. "Asante dada, nimekuelewa, basi tunasogeza mbele, tutaingia tarehe 31."