Miwani ya VR kwa mchezaji wa kawaida wa PlayStation: tayari au bado?

Kila sikukuu zinapokaribia, wazazi na vijana hutuuliza swali lilelile: PlayStation 5 ipo nyumbani, je, sasa tuongeze na miwani ya uhalisia pepe, hii ambayo wengi wanaijua kwa kifupi chake, VR? Kwa mchezaji wa kawaida, jibu langu ni bado. Nalitoa nikiwa mtu anayefundisha mambo haya chuoni na anayeamini kwa dhati kwamba uhalisia pepe una kazi kubwa ya kufanya katika mafunzo ya upasuaji, urubani na uhandisi. Lakini kumfaa mwanafunzi wa udaktari kwa somo la dakika 20 ni jambo moja, na kumfaa kijana aliyerudi nyumbani jioni akitaka kucheza mpaka usingizi umchukue ni jambo jingine kabisa.

Kwa asiyewahi kuivaa, hii ni miwani mikubwa inayoziba macho pande zote. Ndani yake kila jicho linaonyeshwa picha yake kupitia lenzi, na picha hizo mbili zinatofautiana kidogo, kama vile macho yetu mawili yanavyoona kitu kimoja kutoka pembe mbili. Ubongo unaziunganisha na kupata kina. Vitambuzi hufuatilia kichwa, hivyo ukigeuka kushoto unaona kilichopo kushoto, ukiinama unaona sakafu ya gemu. Mara ya kwanza karibu kila mtu hunyoosha mkono kushika kitu ambacho hakipo. Mshangao huo ni wa kweli, na ndio unaouza miwani dukani. Swali langu mimi ni moja: wiki ya nne, je, mtu huyo bado anaivaa, au imeshawekwa juu ya kabati?

Swali hili lina umri mrefu kuliko wengi wanavyodhani. Sega ilionyesha miwani yake mwaka 1993 na haikuifikisha sokoni. Nintendo iliuza Virtual Boy mwaka 1995, picha zake zikiwa na rangi nyekundu tu juu ya giza. Gemu zake zilikuwa na mpangilio wa kumkatiza mchezaji kila baada ya muda ili apumzishe macho, na mwaka uliofuata mashine ikaondolewa sokoni. Baada ya hapo kukawa kimya hadi mwaka 2012, kijana Mmarekani Palmer Luckey alipochangisha zaidi ya dola milioni 2 kwa ajili ya miwani ya Oculus. Miaka miwili baadaye Facebook ikainunua kampuni yake kwa takriban dola bilioni 2, na kampuni nyingine nazo zikaamka.

Katika watengenezaji watatu wakubwa wa mashine za gemu, ni Sony, mwenye PlayStation, peke yake aliyeingia kwa miguu miwili. Microsoft ilitangaza mwaka 2016 kwamba Xbox yake ijayo ingeendesha VR, ila ilipotoka mwaka 2017 VR haikuwemo, na hata Xbox Series X ya mwaka 2020 ikaja bila hiyo. Nintendo ilitoa miwani ya maboksi ya kukunja kwa ajili ya mashine yake ya Switch mwaka 2019, kitu kizuri cha kuchezea na watoto, basi. Kwa hiyo tukizungumzia VR kwenye mashine za gemu, kwa kweli tunaizungumzia Sony.

PlayStation VR ya kwanza ilitoka Oktoba 2016 kwa dola 399, kwa ajili ya PS4. Anayetaka kujua kwa nini nyingi ziliishia kabatini aanze na nyaya. Kati ya PS4 na televisheni lilikaa kiboksi cha kuchakata picha, chenye waya wake wa umeme. Waya wa HDMI, ule wa kupeleka picha, ulitoka kwenye mashine ukaingia kwenye kiboksi, mwingine ukatoka kwenye kiboksi ukaenda kwenye televisheni, na waya wa USB ukarudi tena kwenye mashine. Kisha ule mrefu wa kwenda kichwani. Juu ya televisheni ikakaa kamera, nayo na waya wake, ikifuatilia taa ndogo za bluu zilizo kwenye miwani. Kamera ilikuwa moja, kwa hiyo ukigeuka ukaipa mgongo, mikono yako ndani ya gemu ilipotea au kuanza kutetemeka. Zaidi ya hayo, kiboksi cha toleo la awali hakikupitisha picha ya HDR, yaani yenye mwanga na rangi pana zaidi, kwa hiyo mwenye televisheni ya kisasa alilazimika kuchomoa waya na kuurudisha kila alipobadilisha kutoka VR kwenda gemu za kawaida. Mtu aliyechoka na kazi hafanyi hivyo kila jioni. Anachukua pedi, anacheza.

Lazima tuwape Sony haki yao: kero hizo walizisikia. PlayStation VR2, iliyotoka tarehe 22 Februari 2023, ina waya mmoja tu wa USB unaochomekwa mbele ya PS5. Kamera nne zimo kwenye miwani yenyewe, hivyo unaweza kugeuka utakavyo. Kila jicho linapata picha ya nukta 2000 kwa 2040. Zidisha, kisha kumbuka macho ni mawili: ni nukta zaidi ya milioni 8 kwa kila picha, karibu sawa na televisheni ya 4K. Tofauti ni kwamba gemu ya televisheni inaridhisha ikitoa picha 30 au 60 kwa sekunde, ilhali miwani hii inaonyesha picha 90 au 120. Gemu ya picha 30 huipa mashine takriban milisekunde 33 za kuchora kila moja. Kwa picha 90 zinabaki 11. Hapo Sony wameweka ufundi unaostahili sifa: miwani inatazama mboni ya jicho imeelekea wapi, na mashine inachora kwa umakini pale tu unapotazama, kwingine inalegeza. Jicho haligundui.

Basi kwa upande wa vifaa, kazi imefanyika. Mwili wa mchezaji ndio uliobaki palepale.

Aliyewahi kupanda boti kwenda Pemba bahari ikiwa imechafuka, akakaa chini ndani, anajua kinachotokea. Macho yanaona viti na kuta zimetulia, huku sikio la ndani likisikia boti inapanda na kushuka. Humo ndani ya sikio kuna mirija mitatu midogo yenye majimaji, na majimaji hayo ndiyo yanayouarifu ubongo kwamba kichwa kinazunguka. Ubongo ukipokea taarifa mbili zinazopingana, tumbo ndilo linalolipa. Kwenye VR mambo yamegeuzwa: macho yanakimbia, yanaruka, yanapinda kona, na sikio linasema bwana huyu amekaa kwenye kochi. Jasho jembamba linatoka, mate yanajaa mdomoni, kichwa kinauma, kichefuchefu kinafuata. Picha ikichelewa kuufuata mwendo wa kichwa hali huwa mbaya zaidi, ndiyo maana wahandisi hulenga ucheleweshaji uwe chini ya milisekunde 20. Lakini hata ucheleweshaji ukiisha kabisa, ule mgongano wa macho na sikio unabaki, kwa sababu hautokani na ubovu wa kifaa.

Watengenezaji wa gemu wana mbinu zao. Baadhi ya gemu hazikutembezi, zinakuhamisha kutoka hapa hadi pale kwa kufumba na kufumbua. Nyingine hufifisha pembezoni mwa picha unapokimbia, kwa kuwa pembe za jicho ndizo zinazohisi mwendo kwa nguvu. Gemu za magari zina nafuu: mchezaji amekaa kweli na ndani ya gemu pia amekaa, na dashibodi mbele yake haitikisiki. Ndiyo maana Gran Turismo 7, iliyopata VR bila malipo ya ziada siku ileile miwani ilipotoka, ni mojawapo ya sababu chache za kweli za kuinunua. Pamoja na hayo, wapo ambao kona tatu za mbio zinawatosha kuivua.

Hapa vijana wetu hukosea. Mtu akianza kujisikia vibaya hujikaza kisabuni, akidhani mwili utazoea palepale. Hauzoei hivyo. Wengi huzoea, lakini kwa vipindi vifupi vinavyorudiwa siku mbalimbali. Anza na dakika 10 au 15, ukiwa umekaa, kwa gemu yenye utulivu. Jasho la kwanza likitoka, vua, pumzika mpaka hali iishe kabisa. Usitoke hapo ukapanda bodaboda kama dereva. Na mwenye historia ya kifafa aonane na daktari kabla hata ya kujaribu.

Sababu ya pili ya kusema bado ni gemu zenyewe. Mwishoni mwa mwaka 2019 Sony ilikuwa imeuza miwani milioni 5 za toleo la kwanza, na PS4 zaidi ya milioni 106. Yaani hata wachezaji 5 katika kila 100 hawakufika. Kampuni ya gemu ikitazama hesabu hiyo inaamua haraka: atengenezewe nani, wale 5 au wale 100? Kisha VR2 ikaja bila uwezo wa kucheza gemu za VR ya kwanza, na mwenye miwani akaanza upya. Wapo waliotoa matoleo mapya ya gemu zao, wengine hawakutoa. Mimi naona huo ndio uamuzi uliowaumiza wachezaji waaminifu kuliko bei. Machi 2024 shirika la habari la Bloomberg liliripoti kwamba Sony ilisimamisha utengenezaji wa VR2 kwa muda kwa sababu mzigo ulikuwa umerundikana. Mwaka huohuo Sony ikafunga studio yake ya London, iliyokuwa imetengeneza gemu kadhaa za VR. Agosti ikauza kiunganishi cha kuitumia miwani hiyo kwenye kompyuta, na Machi 2025 bei ikashuka Marekani kutoka dola 549.99 hadi 399.99. Bei ya mwanzo ilikuwa juu kuliko ya PS5 yenyewe.

Kuna miwani isiyohitaji mashine wala waya, kama Meta Quest 3S iliyotoka Oktoba 2024 kwa dola 299. Kwa anayetaka kuijua VR tu, hiyo ni njia nyepesi. Ila ni ulimwengu mwingine wenye duka lake na gemu zake, na PlayStation iliyopo sebuleni haiingii humo.

Tuje nyumbani kwetu. Dar es Salaam, Mombasa au Bujumbura, gemu inachezwa kwa ujirani. Kibandani wawili wameshika pedi, wengine sita wapo nyuma ya benchi wanazomea, mshindi anabaki, aliyefungwa anampisha mwenzake. Kinachochezwa zaidi ni mpira, na gemu kubwa ya mpira ya kampuni ya EA haina VR. Pesa ya miwani moja inanunua pedi kadhaa, na kila pedi inamwingiza mtu mmoja zaidi kwenye mchezo. Miwani inamtoa mmoja na kumtenga. Wengine wanaona kwenye televisheni kile anachokiona, lakini hawamo. Halafu kuna suala la nafasi: gemu za kusimama na kutembea kwenye VR2 zinahitaji mita 2 kwa mita 2 zisizo na meza, feni wala mtoto anayekatiza. Vyumba vingi tunavyopanga havina eneo hilo.

Wanaokodisha miwani hizi kwenye maduka makubwa na vibanda nawaomba jambo moja kwa msisitizo. Januari 2024 Wizara ya Afya ya Tanzania ilitangaza mlipuko wa ugonjwa wa macho mekundu, na ugonjwa ule huenea kwa mikono na kwa vitu vinavyogusa macho ya watu wengi. Miwani hii inakaa usoni, inanyonya jasho, inahama kwa mtu mwingine papo hapo. Futa sehemu ya uso baada ya kila mteja, weka kitambaa cha kutupa, na mwenye macho yanayowasha au mekundu arudishiwe pesa yake. Lenzi zifutwe kwa kitambaa laini kikavu tu. Watoto walio chini ya miaka 12 wasiivae kabisa. Huo ni mwongozo wa Sony wenyewe, na umbali kati ya macho ya mtoto mdogo mara nyingi ni mfinyu kuliko lenzi zinavyoweza kusogezwa.

Kama baada ya yote haya bado unaitaka, na wewe ni mpenzi wa mbio za magari au gemu za kutisha kama Resident Evil Village, sikukatazi. Jaribu kwanza ya mtu, si kwa dakika 2 za mshangao bali kwa nusu saa, kwa vipande. Nunua kwa ajili ya gemu zilizopo leo, si zilizoahidiwa.

Na ukiuziwa iliyokwisha kutumika, uliza ni toleo lipi. Ya kwanza bila kile kiboksi chake na kamera haifanyi chochote, na kwenye PS5 kamera hiyo inahitaji kiunganishi cha ziada. Iwashe mbele ya muuzaji, fungua picha nyeupe, kisha tazama kama kuna doa au mstari usiosogea. Lenzi zikielekea jua, hata kwa muda mfupi barazani au kwenye dirisha la gari, hukusanya mwanga na kuunguza skrini iliyo nyuma yake, na doa hilo halitibiki.