Filamu ya "Kisa cha Kweli" Ina Ukweli Kiasi Gani?

Kwenye banda umiza (kibanda cha mtaani cha kuonyesha video) la Ngarenaro au Unga Limited hapa Arusha, maandishi ya mwanzo wa picha hayasomwi na mtu. DJ aliyeitafsiri anayafupisha kwa sauti yake: wadau, hii stori ni ya kweli kabisa, ilitokea. Watu wanakaa sawa kwenye mabenchi. Kuanzia hapo kila risasi, kila busu na kila tusi huchukuliwa kuwa lilitokea hivyohivyo. Mara nyingi maandishi yenyewe yaliahidi kidogo kuliko hapo, pengine kwamba picha imechochewa tu na matukio halisi, lakini DJ hana muda wa tofauti hiyo.

Filamu ya kisa cha kweli ni mchezo wa kuigiza uliojengwa juu ya mtu aliyeishi au jambo lililotokea. Ina waigizaji, ina skripti, na yupo mtu aliyekaa akaamua nani aseme nini na lini. Hapo ndipo inapoachana na dokumentari, inayoonyesha watu wenyewe na nyaraka zenyewe (ingawa nayo hukata kisichomfaa mtengenezaji). Hakuna kipimo kinachosema picha iwe na asilimia ngapi ya ukweli ndipo iruhusiwe kuitwa hivyo. Studio hujipa jina hilo yenyewe. Wakiandika "imetokana na kisa cha kweli" wanadai ukaribu zaidi. Wakiandika "imechochewa na" wamejiachia mlango wa nyuma.

Mabadiliko ya kawaida kabisa ni ya muda. Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen na mzaliwa wa Zanzibar, aliishi miaka 45, na filamu inayomhusu, Bohemian Rhapsody ya 2018, ina saa mbili na kidogo. Ndani yake anawaambia wenzake wa bendi kwamba ana virusi vya Ukimwi kabla ya tamasha la Live Aid la Julai 1985. Kwa maelezo ya waliokuwa karibu naye, alipata majibu yake karibu miaka miwili baadaye. Tarehe imesogezwa ili onyesho lile lionekane kama kuaga. Hilo nalisamehe nusu tu, maana ugonjwa wa mtu umegeuzwa kiki ya jukwaani.

Wengine hubuni mtu mzima. Kwenye The Last King of Scotland ya 2006, Idi Amin ni wa kweli, lakini Garrigan, daktari kijana wa Kiskoti tunayemfuata tangu mwanzo, hakuwahi kuwepo. Ametoka kwenye riwaya. Kay, aliyekuwa mke wa Amin, alifariki kweli mwaka 1974 na mwili wake ulikutwa umekatwa viungo. Mapenzi yake na Mskoti ni ya kutungwa. Yaani kifo halisi cha mama mwenye watoto kimepachikwa sababu ya uongo. Na kwa mtu wa Moshi, mji ambao Waganda waliokuwa uhamishoni walikutana Machi 1979 kupanga serikali ya baada ya Amin, inashangaza jinsi Waganda walivyowekwa pembeni ya hadithi yao wenyewe. Kisa kinaishia kwenye sakata la ndege iliyotekwa Entebbe mwaka 1976, mgeni akipanda ndege kuondoka.

Arusha tuna sababu yetu ya kulitazama jambo hili kwa karibu. Kuanzia miaka ya 1990 hadi Desemba 2015, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa ajili ya Rwanda ilikuwa hapa mjini, ndani ya majengo ya AICC, kituo cha kimataifa cha mikutano. Mambo yaleyale ambayo waigizaji waliyaigiza kwenye filamu za mauaji ya kimbari ya Rwanda, hapa yalisemwa chini ya kiapo. Mashahidi wengi walikaa nyuma ya pazia wasionekane na watu waliokuja kusikiliza, na majina yao yakawa herufi tupu. Kwenye kesi ya Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba, kulikuwa na mwanamke aliyejulikana kama Shahidi JJ basi. Jina lake lilifichwa, lakini alichokisema kilipita mikononi mwa mawakili wa utetezi, waliokuwa na haki ya kumhoji neno kwa neno. Septemba 2, 1998 Akayesu akatiwa hatiani, mtu wa kwanza kuhukumiwa na mahakama ya kimataifa kwa mauaji ya kimbari, na ushahidi wa akina mama kama JJ ulichangia ubakaji kuhesabiwa kuwa sehemu ya kosa hilo.

Mahakama ilibadilisha majina ikalinda tukio. Filamu nyingi za kisa cha kweli hulinda jina zikabadilisha tukio, na mtazamaji, akishaona jina analolijua, haulizi tena.

Chukua Hotel Rwanda ya 2004. Georges Rutaganda, makamu wa rais wa Interahamwe, wanamgambo walioshiriki mauaji hayo, yumo kwa jina lake. Mtu huyohuyo alisimama kizimbani Arusha na Desemba 1999 akahukumiwa kifungo cha maisha. Ukitaka kujua alifanya nini, hukumu ipo, na kila aya inasema imemwamini shahidi gani na kwa nini. Kanali Oliver wa kikosi cha Umoja wa Mataifa, kwa upande wake, hakuwahi kuwepo Kigali. Amechorwa kwa kumwangalia Jenerali Roméo Dallaire wa Kanada, aliyekuja mwenyewe Arusha kutoa ushahidi. Kwenye kioo hao wawili wanaonekana wa kweli sawasawa.

Na meneja wa hoteli je? Inatajwa kwamba watu 1,268 walijificha Mille Collines, hoteli yenyewe ya kisa hicho, wakapona. Ugomvi mkubwa uko kwenye nani aliwaokoa. Picha inampa sifa karibu yote meneja, Paul Rusesabagina. Baadhi ya waliokuwemo walikuja kusema kwamba aliwatoza pesa za vyumba, na kwamba walinzi wa Umoja wa Mataifa na mazungumzo ya wakubwa ndiyo yaliyowaweka hai. Yeye amekataa tuhuma hizo. Mwaka 2005 Marekani ilimpa Nishani ya Rais ya Uhuru. Mwaka 2020 alikamatwa, 2021 mahakama ya Kigali ikampa miaka 25 kwa makosa ya ugaidi, na Machi 2023 akaachiwa. Wanaomtetea wanasema kesi ile ilikuwa ya kisiasa. Wanaompinga wanasema Hollywood ndiyo iliyomtengeneza. Sina haja ya kuamua ugomvi huo hapa. Ninachokiona ni kwamba watunzi walihitaji steringi mmoja, kwa sababu saa mbili hazitoshi kuonyesha kamati, simu nyingi, bahati na woga wa watu elfu moja. Na steringi akishapatikana, madoa yake ndiyo ya kwanza kukatwa.

Raoul Peck, mwongozaji kutoka Haiti, alipita njia nyingine kwenye Sometimes in April ya 2005. Augustin na ndugu yake Honoré, mtangazaji wa redio ya chuki, hawakuwahi kuishi. Redio yenyewe, RTLM, ilikuwepo, na Desemba 2003 mahakama ya hapa iliwatia hatiani watu watatu wa vyombo vya habari, wawili wao wakiwa waanzilishi wake. Ndani ya picha, Augustin anakuja Arusha kumwona nduguye aliyeshtakiwa. Chumba cha pili hotelini amelala mwanamke aliyekuja kutoa ushahidi, na wanaongea ukuta ukiwa katikati, hawaonani. Mazungumzo hayo ni ya kubuniwa, lakini hayamsingizii mtu yeyote. Kwangu mimi picha hii iko karibu na ukweli kuliko ile ya hoteli, ingawa wahusika wake wakuu wote ni wa kutunga. Haikupata umaarufu wa mwenzake, na nadhani sababu mojawapo ni kwamba hakuna jina la kuligoogle ukitoka.

Sheria huingia pale mtu aliye hai anapoumia. Mwaka 1932 kampuni ya MGM ilitoa picha kuhusu Rasputin, mtu wa dini aliyekuwa karibu na familia ya mfalme wa Urusi, ikitangaza mwanzoni kwamba baadhi ya wahusika bado wako hai. Walimbadilisha jina muuaji wake na wakamchora mwanamke aliyechafuliwa na Rasputin. Dunia nzima ilijua kwamba Felix Yusupov alishiriki kumuua Rasputin, kwa hiyo watu wakaona mwanamke yule ni mkewe, Irina. Irina akashtaki London na mwaka 1934 akashinda pauni 25,000. Tangu hapo studio zikazoea kubandika tangazo kwamba mfanano wowote na mtu aliye hai au aliyekufa ni wa bahati tu. Leo unaweza kukuta picha inayosema mwanzoni ni kisa cha kweli na mwishoni, kwa herufi ndogo, kwamba wamebuni wahusika na matukio. Herufi hizo hupita taa zimeshawashwa.

Marehemu hana ulinzi huo. Kwa kawaida ya sheria ya kashfa tuliyoirithi kwa Waingereza, jina la aliyekufa halina wa kulidai mahakamani. Linabaki suala la adabu ya mtunzi. Ebrahim Hussein alilimaliza mapema: kwenye utangulizi wa tamthilia yake ya Kinjeketile ya 1969 alieleza kwamba Kinjeketile wake si yule wa historia. Msomaji anaingia akijua.

Sasa fikiria mtu atengeneze picha ya Mangi (yaani chifu wa Wachagga) Meli wa Old Moshi. Mifupa ya kisa ipo: mwaka 1892 watu wake waliwapiga Wajerumani, mwaka uliofuata wakashindwa, na Machi 2, 1900 Meli akanyongwa pamoja na viongozi wengine. Kichwa chake kinaaminika kupelekwa Ujerumani, na ukoo haujaacha kukidai. Ugumu uko kwenye nani alimchongea. Wanahistoria wameandika kwamba Mangi Marealle wa Marangu, aliyekuwa karibu na Wajerumani, ndiye aliyemjaza Kapteni Johannes maneno kuhusu njama ya uasi. Kamera ingeipenda sana hiyo: mangi mmoja akinong'ona sikioni mwa mzungu, muziki mzito, kisha kitanzi.

Mimi ningemwambia mwongozaji asiikwepe tuhuma hiyo na asimfiche Marealle kwa jina la bandia, kwa sababu kila mtu mlimani atamjua tu, kama Irina alivyojulikana. Ila aonyeshe pia kwamba mamangi walikuwa wakivamiana kabla Mjerumani hajafika, na kwamba kila mmoja alikuwa akitafuta wa kumwegemea. Asimpe Marealle kicheko cha adui wa picha. Kabla ya kupiga hata tukio moja akae na wazee wa Old Moshi na wa Marangu, kila upande kwa siku yake. Na maandishi ya kwanza kwenye kioo, kwa Kiswahili na kwa herufi zinazosomeka hata ukikaa benchi la nyuma, yaseme: Meli, Marealle na Johannes waliishi, kunyongwa kulitokea, mazungumzo yao humu ndani tumeyatunga sisi.