Hatukufanya chochote kikubwa, mbona silali? Maswali na majibu kuhusu hofu ya magonjwa ya zinaa

Wengi wanaokosa usingizi kwa hofu ya magonjwa ya zinaa hawakufanya jambo la hatari kubwa. Walibusiana, walishikanashikana, au walitumia kondomu na haikupasuka. Wapo pia wanaojiona salama kumbe hawako salama, na hao mara nyingi hulala vizuri tu. Hofu haipimi hatari. Hupima zaidi majuto, siri, na anayesubiri nyumbani. Kwa sababu hiyo majibu haya yanaanza na kilichotokea, siyo na unavyojisikia.

Tulibusiana na kupapasana, nguo za ndani hazikuvuliwa. Nimeambukizwa VVU?

Hapana. Ili VVU viambukize, lazima majimaji yenye virusi yakutane na mahali pa kuingilia mwilini. Majimaji hayo ni damu, shahawa na ute unaozitangulia, majimaji ya ukeni, majimaji ya njia ya haja kubwa, na maziwa ya mama. Mate hayamo, wala jasho, machozi au mkojo. Mahali pa kuingilia ni utando laini wa ndani ya uke, wa njia ya haja kubwa, wa tundu la mkojo na wa chini ya govi, kwa nadra wa mdomo, au mshipa wa damu wenyewe kwa njia ya sindano. Ngozi isiyo na jeraha haipitishi virusi hivi, hata ikilowa.

Kwa hiyo jiulize maswali mawili: ni majimaji gani, na yaligusa wapi? Ukikosa jibu la mojawapo, kwa upande wa VVU hakuna la kuogopa. Busu la ndimi limewahi kuhusishwa na VVU kwa nadra mno, pale wote wawili walipokuwa na vidonda au fizi zinazovuja damu, damu ikakutana na damu.

Na magonjwa mengine je? Busu halina madhara kabisa?

Hapo siwezi kusema hapana ya mkato. Virusi vya hepesi vya aina ya kwanza, vinavyoleta malengelenge ya mdomoni, husambaa kwa busu. Lakini Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa takriban theluthi mbili ya watu wote walio chini ya miaka 50 wanavyo tayari, na wengi walivipata wakiwa watoto, walipobusiwa na ndugu. Kaswende nayo inaweza kupita kwa busu ikiwa mmoja ana kidonda cha kaswende mdomoni.

Mambo hubadilika nguo zikivuliwa na sehemu za siri zikisuguana, hata kama hapakuwa na kuingiliana. Hepesi, kaswende, na virusi vya HPV vinavyoleta masundosundo hupita ngozi kwa ngozi. Hatari hiyo ipo, ingawa ya VVU inabaki ndogo sana. Ajabu ni kwamba watu wengi huhangaika na VVU, ambavyo haviwahusu, na hawaulizi lolote kuhusu hivi vingine.

Nilimwingiza kidole na nilikuwa nimechubuka kando ya kucha.

Mchubuko uliokauka si mlango. Kidole kinachovuja damu mbichi ni jambo jingine kinadharia, lakini hata hapo hii si njia ambayo watu huambukizwa VVU kwa kawaida. Nawa mikono, uendelee na mambo yako.

Choo, taulo, bwawa la kuogelea, mbu?

VVU, hapana kwa vyote vinne.

Ilikuwa kwa mdomo tu. Hiyo nayo ni hatari ndogo?

Kwa VVU, ndiyo, ndogo sana, hasa kwa yule anayenyonywa, kwa kuwa anachokutana nacho ni mate. Anayenyonya ana hatari ya juu kidogo, na huongezeka akiwa na vidonda mdomoni na shahawa zikimwagikia humo. Bado iko mbali sana chini ya ile ya kuingiliana.

Usiyaweke magonjwa mengine kwenye kapu hilo. Kisonono, klamidia, kaswende na hepesi hupita kwa mdomo, na kisonono cha kooni kwa kawaida hakina dalili yoyote. Mtu anaweza kwenda hospitali, akatoa mkojo, akaambiwa yuko salama, na kisonono kikabaki kooni kwa sababu kipimo cha mkojo hakifiki huko. Ukienda kupima, mwambie mhudumu waziwazi ni sehemu gani ya mwili ilihusika ili achukue sampuli ya koo au ya njia ya haja kubwa inapohitajika. Aibu ya dakika moja, na kipimo kinakuwa na maana.

Tulitumia kondomu mwanzo mpaka mwisho. Huenda ilivuja nisione?

Kondomu ya mpira ikipasuka huwa inapasuka kweli, na utaona. VVU haviwezi kupenya mpira mzima. Kama ilivaliwa kabla ya mgusano wowote, haikuvuka, haikuchanika, na haikupakwa mafuta ya mgando au losheni, ambavyo hudhoofisha mpira, basi kwa VVU, kisonono na klamidia ulijikinga vizuri. Kwa hepesi, HPV na kaswende inapunguza hatari bila kuiondoa, maana haifuniki mapaja, korodani wala mashavu ya uke.

Ikiwa ilipasuka au ilibaki ndani, swali lako si la hatari ndogo tena. Acha kusoma hapa, nenda kituo cha afya leo hii uulizie PEP, dawa za kuzuia VVU baada ya tukio. Lazima zianze ndani ya saa 72, na kila saa inayopungua ni afadhali. Humezwa kwa siku 28. Ushauri huo ni huohuo kwa aliyebakwa na kwa aliyeingiliana bila kondomu na mtu ambaye hali yake ya VVU haijulikani. Uliza pia kuhusu chanjo ya homa ya ini B kama hukuwahi kuchanjwa, kwa sababu nayo hufanya kazi vizuri zaidi ikitolewa mapema. Kwa mwanamke asiyetaka mimba, kuna na vidonge vya dharura.

Alionekana msafi na mwenye afya. Hilo halinipunguzii hatari?

Halipunguzi chochote. Wengi wenye klamidia hawajui kuwa wanayo, na mtu anaweza kuishi na VVU kwa miaka bila kukohoa hata mara moja.

Kuna taarifa moja tu kuhusu mwenzako inayobadilisha hesabu, nayo huwashangaza wengi: kwamba anaishi na VVU, anameza ARV (dawa za kufubaza VVU) ipasavyo, na kiwango cha virusi vyake hakionekani kwenye kipimo. Mtu huyo hakuambukizi VVU kwa ngono. Utafiti uitwao PARTNER2, uliochapishwa mwaka 2019, ulifuatilia wapenzi wa kiume ambao mmoja wao alikuwa na VVU na anatumia dawa. Waliingiliana bila kondomu zaidi ya mara 76,000. Hapakupatikana hata ambukizo moja lililotoka kwa mwenza huyo. Anayejua hali yake na kumeza dawa ni salama kuliko yule "msafi" ambaye hajawahi kupima.

Kwa hiyo hatari yenyewe ni kiasi gani?

Makadirio yanayotumiwa na CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, yanachukulia kuwa mwenzako ana VVU kwa hakika, hatumii dawa, na hamkutumia kondomu. Hata katika hali hiyo mbaya, mwanamke anayeingiliwa ukeni hukadiriwa kuambukizwa mara 8 katika matendo 10,000, na mwanamume anayemwingilia mara 4. Anayeingiliwa kwa njia ya haja kubwa ni mara 138 katika 10,000. Hatari huzidi kukiwa na kidonda au ugonjwa mwingine wa zinaa, au ikiwa huyo mwenza ameambukizwa karibuni.

Namba hizo hazikutolewa ili mtu azifanyie kamari, kwa sababu tendo moja linaweza kutosha. Zimetajwa kwa ajili ya yule ambaye tendo lake halimo kwenye orodha kabisa, lakini anajihesabu kama aliyekwisha kufa.

Siku tatu baada ya tukio koo linaniuma, nahara, naamka nimelowa jasho, na mkojo unachoma. Si ndizo dalili zenyewe?

Swali hili ndilo linalowatesa watu kuliko mengine yote.

Kwanza, angalia kalenda. Dalili za mwanzo za VVU, kwa wanaozipata, huja wiki 2 hadi 4 baada ya kuambukizwa: homa, koo, vipele, tezi kuvimba. Siku ya tatu ni mapema mno. Kidonda cha kaswende hutokea kati ya siku 10 na 90, mara nyingi karibu na wiki ya tatu, na kwa kawaida hakiumi. Hepesi huanza kati ya siku 2 na 12. Kisonono kwa mwanamume ndicho chenye haraka, mara nyingi ndani ya wiki moja, na hujitangaza kwa usaha.

Pili, hofu yenyewe ina dalili. Kinywa hukauka, tumbo huharisha, moyo hudunda, jasho hutoka, chakula hakipiti, mwili hupungua, mkojo unabana kila mara. Iandike orodha hiyo kwenye karatasi, uiweke kando ya orodha ya dalili za VVU uliyoisoma usiku wa manane, uone zinavyofanana. Dalili hizo si za kujitungia, mwili unazipata kweli. Kisichokuwepo ni kirusi.

Tatu, kujikagua huzaa dalili. Mwanamume anayekamua uume wake mara kumi kwa siku kutafuta usaha ataudhi njia ya mkojo, ataanza kuhisi mwasho, na huenda akaona ute kidogo. Atakamua zaidi. Anayejisugua kwa sabuni kali au dawa ya kuua vijidudu atapata wekundu na michubuko. Mwanamke anayejiosha ndani ya uke kwa kemikali huvuruga bakteria wazuri wanaomlinda, kisha hutokwa na uchafu ambao hakuwa nao. Anayebonyeza tezi za shingo kutwa nzima, zitamuuma.

Halafu kuna vitu ambavyo vilikuwepo siku zote, ila hukuwahi kuviangalia kwa tochi. Vijipele vidogo vilivyojipanga mstari kuzunguka kichwa cha uume ni maumbile. Vidoadoa vya manjano au vyeupe kwenye midomo, kwenye ngozi ya uume na kwenye mashavu ya uke ni tezi za mafuta. Havina dawa kwa sababu si ugonjwa.

Kidonda cha kweli, usaha, malengelenge yanayopasuka, maumivu ya korodani au ya chini ya kitovu ni sababu ya kumwona daktari bila kubishana na nafsi. Picha za kwenye simu hazitakupa jibu.

Nipime lini?

Kama tendo lilikuwa busu na kupapasana, hakuna cha kupima. Ukipima, iwe kwa sababu ni desturi yako.

Kama palikuwa na mgusano wa sehemu za siri au mdomo, kisonono na klamidia hupimwa vizuri baada ya kama wiki mbili. Kaswende na VVU huhitaji subira zaidi. Kipimo cha maabara cha damu ya mshipani, kinachotafuta kingamwili (askari wa mwili) pamoja na antijeni (kipande cha kirusi chenyewe), huweza kuona VVU kati ya siku 18 na 45. Kipimo cha haraka cha kidoleni chenye kutafuta kingamwili peke yake, na kile cha kujipima kwa kinywa, huchukua siku 23 hadi 90. Ukipima kaswende na VVU baada ya miezi mitatu bila tukio jingine katikati, jibu hilo ni la kuaminiwa.

Watu huuliza: ikiwa mate hayaambukizi, kwa nini kipimo cha kujipima kinapanguswa kwenye fizi? Kwa sababu hakitafuti virusi. Kinatafuta kingamwili, askari ambao mwili umewatengeneza, na hao hupatikana kinywani.

Nijinunulie dawa nimeze kwa tahadhari?

Usifanye hivyo. Antibaiotiki haigusi VVU, hepesi wala HPV, na dozi ya kubahatisha inaweza kuficha ugonjwa bila kuuponya. Kisonono tayari kimekuwa sugu kwa dawa nyingi zilizokuwa zikikitibu. PEP nayo haitolewi kwa tukio lisilo na hatari. Mhudumu akikukatalia baada ya kukusikiliza, chukua kama habari njema.

Nimepima mara nne, zote hasi, na bado naamini nimeambukizwa.

Kipimo cha tano hakitakusaidia, kwa sababu cha nne hakikusaidia. Kila kipimo hutuliza kwa siku mbili, kisha shaka inatafuta upenyo mpya: huenda kifaa kilikuwa kibovu, huenda mimi ni tofauti na watu. Hapo tatizo ni wasiwasi, nao una tiba yake. Mwone mshauri nasaha au daktari wa afya ya akili, umwambie kama ulivyosema hapa. Wakati huo weka mipaka miwili: kutojikagua zaidi ya wakati wa kuoga, na kutosoma dalili mtandaoni.

Nimweleze mwenza wangu?

Kama tendo lako lina kitu cha kupima, tumieni kondomu au pumzikeni mpaka majibu yatoke, na ugonjwa ukionekana mwenza lazima ajue, kwani ukitibiwa peke yako mtaambukizana tena. Kama halina cha kupima, daktari hana amri ya kukupa. Yaliyobaki ni ya ndani ya nyumba yenu, na ni vyema kuyaamua baada ya kulala usingizi wa kutosha.