Lilikuwa la ofisi gani? Kufuatilia umiliki wa pikapu za zamani Dodoma

Ukiwasikiliza madalali wa Dodoma, kila Land Rover ya zamani ilikuwa ya mzungu wa karanga. Kama haikuwa ya mzungu wa karanga, basi aliipanda Mwalimu alipokuwa Chamwino. Siwalaumu, dalali anakula kwa mdomo, na hadithi nzuri inapandisha bei. Ila tangu lile tamasha la Land Rover la Arusha Oktoba 2024, watu wanaonipigia simu kutaka kujua historia ya pikapu zao wameongezeka, na wengi wanaanza na hadithi hizo hizo mbili. Kwa hiyo nizimalize kwanza.

Mradi wa karanga wa Kongwa ulianza 1947, na mwanzoni mwa 1951 Serikali ya Uingereza ikanawa mikono. Land Rover ya kwanza ilionyeshwa kwa umma Amsterdam, Aprili 1948, na zote za miaka ile zilikuwa fupi, inchi 80 kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma. Pikapu ndefu tunayoiita 109, kwa kipimo hicho hicho cha inchi, ilianza kutengenezwa katikati ya miaka ya 1950. Mtu akikuambia 109 yake ilitumika kwenye mradi wa karanga, mwambie gari hilo lilikuwa halijazaliwa. Ya Mwalimu ni ngumu zaidi kuikanusha, maana ni kweli alishiriki kujenga kijiji cha Chamwino wakati wa Operesheni Dodoma, ile ya kuhamishia watu kwenye vijiji vya ujamaa, mwanzoni mwa miaka ya 1970, na Land Rover zilikuwepo. Lakini kupanda gari siku moja si kulimiliki, na mimi kazi yangu ni umiliki.

Mteja huniuliza, "Fundi, hili lilikuwa la nani?" Mimi huanza kutafuta lilikuwa la ofisi gani. Katika miaka ya 1960 mpaka 1980 watu binafsi waliokuwa na pikapu huku kwetu walihesabika: mfanyabiashara wa duka kubwa mjini, labda daktari, labda mkulima mwenye shamba la maana. Zilizobaki zilikuwa za wizara, misheni, mashirika ya umma, vyama vya ushirika, na miradi ya wafadhili. Ofisi huacha alama ambazo mtu binafsi haachi. Inapaka rangi yake, inaandika jina mlangoni, inatoboa matundu ya redio, inaajiri dereva na kumpa daftari la safari. Ukimtafuta mtu wa miaka hamsini iliyopita utazunguka mno. Ofisi mara nyingi bado ipo, au iliyoirithi ipo.

Naanza na chasisi. Kibati cha namba kilicho ndani ya gari siachi kukisoma, lakini sikiamini, kwa sababu kimeshikwa na skrubu, na kitu kilichoshikwa na skrubu kinahama. Namba ninayoitaka imegongwa kwenye chuma chenyewe, mbele upande wa kulia, pale springi inaposhikia chasisi. Miaka ya grisi na vumbi imeifunika. Nasugua kwa brashi ya waya na mafuta ya taa, nakausha, kisha napaka chaki juu yake na kufuta kwa kiganja. Chaki inabaki kwenye mikwaruzo ya tarakimu na namba inasimama nyeupe. Ikigoma, naweka karatasi nyembamba juu yake na kuisugua kwa penseli.

Kwa Land Rover za Series IIA, zilizotengenezwa kuanzia 1961 hadi 1971, tarakimu tatu za mwanzo zinasema mengi. Kwenye 109 ya petroli, 252 ni gari la usukani wa kulia lililotengenezwa kwa ajili ya kuuzwa nje ya Uingereza. Hiyo ndiyo tunayoitarajia hapa. Ikianza na 251, ilikuwa ya soko la Uingereza kwenyewe, kwa hiyo ililetwa baadaye na mtu, mara nyingi mmisionari au mfanyakazi wa kujitolea aliyekuja nayo. Ikianza na 254 nachangamka, maana hiyo ni ya usukani wa kushoto. Usukani wake umehamishwa, na uwezekano mkubwa ni kwamba iliingia kutoka upande wa Burundi, Rwanda au Kongo, wanakoendesha kulia kwa barabara. Baada ya namba huja herufi moja inayoonyesha mabadiliko ya kiufundi yaliyofanywa kiwandani.

Watu wengi hukisia umri kwa kutazama taa za mbele. Zikiwa katikati, karibu na grili, wanasema ni ya zamani sana, na zikiwa kwenye madigadi wanasema ni ya mwishoni mwa miaka ya 1960 kuja huku. Kiwandani ilikuwa hivyo kweli. Lakini madigadi za Land Rover zinafunguliwa kwa boliti, na hapa Kizota nimeona gari likiingia asubuhi na taa za katikati na kutoka jioni na taa za pembeni. Injini ndiyo usiitegemee kabisa. Ile ya petroli ya lita 2.25 ilikunywa mafuta kuliko mishahara yetu ilivyoruhusu, na nyingi ziling'olewa zamani zikawekwa za dizeli za Kijapani.

Ukishakuwa na namba ya chasisi, jumba la makumbusho ya magari la Gaydon, Uingereza, linatunza madaftari ya kiwanda na hutoa cheti kwa malipo. Cheti kinakupa tarehe gari lilipokamilika kiwandani Solihull, tarehe lilipoondoka, rangi yake ya kwanza, na lilipelekwa nchi gani au kwa wakala gani. Usitegemee jina la mnunuzi wa hapa. Safari ya kiwanda inaishia kwa wakala, ya kwetu inaanzia hapo.

Niwaeleze moja niliyoifanya, pikapu ya 109 iliyotoka Kondoa. Mwenyewe wa sasa ni kijana anayefanya kazi Mji wa Serikali, Mtumba, na aliinunua kwa mtoto wa mmiliki aliyefariki. Namba ilianza na 252, na cheti kikaonyesha ilikamilika 1969, kijani, ikapelekwa Dar es Salaam. Kadi ya gari ilikuwa na jina moja tu, la huyo marehemu, na usajili wa mwanzoni mwa miaka ya 2000. Hilo halikunishangaza. Kipindi hicho ndipo magari yalipoandikishwa upya na kupewa namba za T na herufi tatu mwishoni badala ya zile za zamani za TZ, na Mamlaka ya Mapato, TRA, iliyoanza kazi Julai 1996, ndiyo iliyoshika daftari. Kadi nyingi za magari makongwe zinaanzia hapo kana kwamba gari lilishuka kutoka mbinguni mwaka huo. Ukibahatika kumpata mtu aliyetunza kadi ya zamani chini ya godoro, mlipe hata soda, maana mihuri iliyomo ndani ni dhahabu.

Kukosekana kwa karatasi kukanirudisha kwenye rangi. Bodi ya Land Rover ni alumini, haili kutu, kwa hiyo watu hupuliza rangi juu ya rangi bila kukwangua. Natafuta mahali ambapo mpuliza rangi mvivu hafiki, kama nyuma ya bawaba za mlango au ndani ya boksi la kiti. Nachukua msasa wa maji, mkali kwanza kisha laini, nasugua duara dogo kama sarafu mpaka nifike kwenye bati. Tabaka zinajitokeza kama pete za mti. Kwenye gari hili juu kulikuwa na nyeupe ya nyumba, ile ya kupakwa kwa brashi kabisa. Chini yake kijivu, kisha bluu iliyokolea, na mwisho kijani cha kiwandani. Rangi nne zinamaanisha angalau mikono mitatu baada ya wakala, ingawa ofisi moja inaweza kupaka mara mbili, kwa hiyo nazihesabu kwa tahadhari.

Halafu mlango. Subiri giza, washa tochi ya simu, ilaze karibu kabisa na bati ili mwanga upite juu juu. Herufi zilizopakwa zamani zina unene, na rangi mpya haifichi unene huo. Kwenye mlango wa dereva zilisimama herufi nne: HADO.

Kwa asiyejua, HADO ni Hifadhi Ardhi Dodoma, mradi ulioanza 1973 kwa msaada wa Sweden, kuziba makorongo na kupanda miti katika maeneo yaliyoliwa na mmomonyoko, hasa Kondoa. Mwaka 1979 mifugo iliondolewa kwenye eneo lililoharibika zaidi, na wazee wa huko hadi leo wanapima umri wa watoto wao kwa mwaka huo. Sasa nilikuwa na ofisi. Udongo nao ulikubaliana. Ndani ya mashimo ya chasisi na chini ya milango ulikuwa mwekundu ule wa Kondoa, si huu wa kijivu wa Dodoma mjini, wala tope jeusi la mbuga za Bahi. Udongo peke yake siupi uzito, maana unasombwa na kila mvua. Kutu ninaipa uzito kidogo zaidi. Chasisi ya chuma iliyokaa Tanga au Dar inaoza kutokea ndani, ila hii ilikuwa nzima, kama zinavyokuwa nyingi za huku kwetu kwenye mvua haba.

Ofisi ikipatikana, usikimbilie kwa aliyekuwa bosi. Bosi alikaa kiti cha kushoto akisoma mafaili. Mtafute dereva. Tulimpata mmoja mstaafu, nje kidogo ya mji wa Kondoa, tukampelekea gari lenyewe badala ya picha.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mmekuja kuniuzia au kuniuliza?"

Hakusubiri jibu. Alipita mbele ya gari bila kulitazama, akaenda moja kwa moja kwenye geti la nyuma, akapapasa kwa ndani. Kulikuwa na kiraka cha bati kilichopigwa ribiti, kwa sababu alumini haikubali mashine ya kawaida ya kuchomelea. Kila ribiti ilikuwa imepondwa kwa upande mmoja.

"Hizi tulipiga kwa nyundo ya seremala," akasema. "Tulikuwa tumebeba miche na mapipa ya maji, pipa likavunja geti. Hii nilipewa imeshatumika, wanangu. Ilitoka Dodoma mjini, ikiwa bluu. Sisi ndio tuliipaka kijivu."

Akatuonyesha pia matundu mawili kwenye dashibodi niliyodhani ni ya feni. Yalikuwa ya redio ya upepo. Jina la ofisi iliyolitumia likiwa bluu hakulijua, na mimi mpaka leo sijalipata. Kwa hiyo kwenye ripoti ya mteja, kati ya 1969 na kipindi cha HADO pameandikwa "haijulikani, rangi ya bluu, Dodoma mjini." Aliniomba niandike "Serikali" ili pajae. Nilikataa. Pengo lililoandikwa wazi linaweza kuzibwa siku moja na mtu mwenye karatasi, lakini ukishalijaza kwa kukisia hakuna atakayehangaika tena kulitafuta.

Baada ya mradi habari inakuwa nyepesi. Ufadhili ulikoma miaka ya 1990, na magari chakavu ya ofisi za namna hiyo huuzwa kwa mnada wa hadhara unaotangazwa gazetini. Mfanyabiashara wa mazao akalinunua, akalipaka nyeupe, akabebea mahindi na alizeti. Minada ni rafiki yangu kwa sababu inaacha matangazo na stakabadhi, na familia nyingi hutunza stakabadhi ya mnada kuliko kadi. Zaidi ya hapo, nakagua kioo cha mbele. Ada ya mwaka ya leseni ya barabara ilifutwa 2017, lakini magari yaliyokaa muda mrefu bado yana stika za zamani, na stika ina mwaka na namba ya gari. Usizibandue kwa kisu. Piga picha, kisha loanisha kwa maji ya vuguvugu.

Upande wa TRA, nenda na mwenye kadi. Taarifa za mlipakodi hazitolewi kwa kila anayepita dirishani, na ni sawa hivyo. Mimi mwenyewe siingii bila yeye. Na majina ya wamiliki binafsi yanabaki kwenye ripoti ya mteja, hayaji kwenye blogu hii.

Lililonisumbua zaidi kwenye gari hili lilikuwa la jana tu. Kijana wa Mtumba alinunua kwa mtoto wa marehemu, wakaandikishana kwa mwenyekiti wa mtaa, wakapeana mikono. Yule mtoto hakuwa msimamizi wa mirathi, kwa hiyo hakuwa na mamlaka ya kuuza, na nduguze watano wangeweza kulidai gari wakati wowote. Historia nzima ya Solihull na Kondoa haimsaidii mtu mwenye tatizo hilo. Niliwaambia waanze na kikao cha ukoo chenye muhtasari uliosainiwa, wakafungue mirathi Mahakama ya Mwanzo, msimamizi ateuliwe, kisha yeye ndiye asaini mkataba mpya wa mauziano na uhamisho wa umiliki. Wakiwa huko, wasahihishe na namba ya injini, kwa sababu kadi bado inasema petroli na chini ya boneti kuna Nissan ya dizeli. Kikao kimeshafanyika. Dada mkubwa ndiye aliyependekezwa, na anataka kwanza aione ile hela ya mauzo ilikwenda wapi.