Mlango wa bahari wa kaskazini na ukame uliokausha Ziwa Victoria

Ukiwaambia wavuvi wa Kirumba Mwaloni, soko la samaki la Mwanza, kwamba Ziwa Victoria liliwahi kukauka, watakucheka. Lakini watafiti waliozamisha mabomba kwenye sakafu ya ziwa walikuta, chini ya tope laini, tabaka gumu lenye mizizi ya majani. Hapo palikuwa nchi kavu, kati ya miaka 18,000 na 14,000 hivi iliyopita.

Ziwa letu ni pana lakini si refu kwenda chini, na takribani asilimia 80 ya maji yake ni mvua inayolinyeshea moja kwa moja. Mvua ikigoma, halina pa kukimbilia. Swali ni nani aliigomesha.

Sehemu ya jibu iko mbali, kati ya Alaska na Urusi, kwenye Mlangobahari wa Bering. Upana wake ni kilomita 85 hivi, na kina chake mita 50 tu. Leo unapitisha takribani mita za ujazo milioni 1 kwa sekunde kutoka Pasifiki kuingia Aktiki, karibu mara elfu ya yale yanayotoka Ziwa Victoria pale Jinja, Uganda. Maji hayo yana chumvi pungufu, na hatimaye hufika Atlantiki ya kaskazini. Huko, maji baridi yenye chumvi nyingi huzama kwa uzito wake na kuyavuta ya joto kutoka tropiki.

Wakati wa enzi ya barafu bahari ilishuka kama mita 120, Bering ikawa ardhi, wanyama wakavuka kwa miguu. Kisha barafu za Amerika Kaskazini zikamwagika Atlantiki na kuijaza maji yasiyo na chumvi. Kuzama kule kukadhoofika, kaskazini kukapoa, mvua za tropiki zikayumba hadi kwetu. Hesabu za kompyuta zinaonyesha kwamba, mlango ukiwa umefungwa, maji hayo hayakuwa na njia ya kutorokea Pasifiki, hivyo Atlantiki ilichelewa kupona.

Sisemi Bering peke yake ndiyo iliyolikausha ziwa. Lilijaa tena hata kabla mlango haujafunguka vizuri. Nasema kufungwa kwa mlango kuliurefusha mkwamo wa Atlantiki. Na furu wetu, wale samaki wadogo wa mamia ya spishi, wengi wao wamejitokeza baada ya maji kurudi.