Mtoto wa kiume: macho yote kwenye dudu, hatari iko kwingine

Akizaliwa mtoto wa kiume nyumba nzima hushangilia, "Dume hilo!" Kabla arobaini haijafika, dume lenyewe limeshaletwa kliniki, limevuliwa nepi, bibi yake kasimama pembeni, na maswali yote yanahusu sehemu moja ya mwili. Mimi ni muuguzi mkunga, kazi yangu ni kliniki ya mama na mtoto hapa Tanga, na nimeshazoea. Dudu limesimama, mbona linasimama? Mwenzake husimama, la huyu mbona limelala? Govi halirudi nyuma, tufanyeje? Nitayajibu hayo yote, maana wanaouliza wana haki ya kujibiwa, lakini kwa mtoto wa kiume mimi huogopa mambo mengine kabisa.

Tuanze na kitovu. Kuna imani imeenea sana kwamba kitovu kikikatika kikaangukia uume, mtoto atakuwa hanithi. Wako akina mama wanaomlaza mtoto ubavu mchana kutwa kwa hofu hiyo. Kitovu hukauka na kudondoka chenyewe, mara nyingi kati ya siku ya 5 na ya 15, na hakidhuru chochote kinapoangukia. Kinachodhuru ni vile vitu vinavyopakwa ili kidondoke upesi: mate, majivu, mafuta ya kupikia, na mengine nisiyotaka kuyaandika. Kiacheni kikavu. Ila kwa mvulana kuna jambo dogo la kuzingatia: ukimfunga nepi uume ukiwa umeelekea tumboni, mkojo wote unapanda kulowesha kitovu. Uelekeze chini kwanza, kisha ukunje nepi ipite chini ya kitovu.

Kusimama kwa uume ni jambo la kawaida tangu siku ya kwanza, hasa kibofu kikijaa. Subiri kidogo utaona anakojoa. Korodani nazo hupanda na kujikunyata zikiguswa na maji baridi, zikipata joto hushuka. Mitaani hayo yote mawili huitwa ugonjwa wa mchango, na mchango una dawa yake: mizizi iliyochemshwa, kijiko asubuhi na jioni, mtoto ana wiki moja duniani. Sina ugomvi na miti shamba kwa mtu mzima anayejua anachokunywa. Lakini ini na figo za mtoto wa wiki moja bado changa, kipimo cha dawa ile hakuna anayekijua, na maji yake hayajulikani yametoka wapi. Wale wanaofikishwa wodini wamelegea baada ya kunyweshwa walikuwa wanalia kwa njaa au gesi tu.

Matiti pia yasiminywe. Mtoto mchanga, wa kiume kwa wa kike, anaweza kuvimba vifua na hata kutoa maziwa kidogo kwa sababu ya homoni za mama yake. Huisha zenyewe kwa wiki chache. Ukiminya unaleta jipu.

Govi la mtoto mchanga limegandana na kichwa cha uume. Ndivyo alivyoumbwa. Litaachana lenyewe taratibu, kwa wengine huchukua miaka kadhaa. Kulivuta kwa nguvu wakati wa kuoga, eti kulifungua, kunachana ngozi, kidonda kinapona kwa kovu, na kovu hilo ndilo linaloziba kweli. Osha nje kwa maji, basi.

Sasa niulize mimi. Swali langu la kwanza kwa mama wa mvulana huwa: "Akikojoa, mkojo unafika wapi?" Wengi hucheka. "Unanifika usoni, nesi!" Hilo ndilo jibu ninalolipenda. Mvulana mzima hutoa mkojo kwa mkondo wenye nguvu, wenye upinde. Akiwa anakojoa kwa matone, anajikamua, au mkondo mwembamba unakatika katika, inawezekana kuna vizuizi vya ngozi ndani ya mrija wa mkojo. Tatizo hilo huwapata wavulana tu. Mkojo unarudi nyuma, unajaza kibofu, unaharibu figo kimyakimya, na mtoto anaendelea kunyonya kana kwamba hana neno. Kwa hiyo mama aliyelowa usoni asikasirike. Na zile alama za rangi ya waridi au ya tofali kwenye nepi siku za mwanzo si damu, ni chumvi za mkojo mzito. Mnyonyeshe mara nyingi zaidi, zitakwisha. Zikiendelea baada ya wiki ya kwanza, mlete.

Swali la pili silisemi, nalipima kwa mikono. Navisugua viganja mpaka vipate moto, maana mkono wa baridi unazifukuza korodani. Mtoto yuko chali, miguu imekunjwa kama chura. Mkono mmoja nauteremsha polepole kutoka nyongani kuelekea chini, wa pili unapokea kwenye mfuko. Nahesabu: moja, mbili. Kwa watoto waliotimiza miezi ya mimba, karibu 3 katika kila 100 huzaliwa korodani moja au zote hazijashuka, na kwa njiti idadi ni kubwa zaidi. Nyingi hushuka zenyewe ndani ya miezi ya mwanzo. Ikifika miezi 6 haijashuka, haitashuka kwa kungoja, na daktari wa upasuaji amwone, ili ishushwe mapema, kabla ya mwaka mmoja na nusu. Ikibaki huko ndani kwenye joto, uwezo wake wa kuzalisha hupungua na hatari ya saratani ukubwani huongezeka. Ajabu ni kwamba nyumba ile ile iliyohofia uhanithi wa kitovu haijawahi kuhesabu korodani.

Mfuko ukivimba, tofautisheni. Maji yanayozunguka korodani ni laini, hayaumi, na kwa mtoto mchanga mara nyingi hukauka kabla hajafikisha mwaka au miaka miwili. Huku pwani ukitaja maji kwenye korodani watu huwaza busha la wazee, wakaona aibu na kumficha mtoto. Hili la mtoto halitokani na mbu. Ngiri ni jambo jingine: uvimbe wa nyongani unaotokea akilia na kurudi akitulia. Huo ni utumbo unaoshuka, na dawa yake ni upasuaji uliopangwa. Uvimbe ukigoma kurudi, ukawa mgumu, mtoto analia bila kunyamaza au anatapika, msije kliniki yangu. Nendeni hospitali kubwa usiku huo huo.

Tohara. Familia nyingi za Kiislamu hapa kwetu hutahiri mapema, wengine siku ya 7 sambamba na akika, ambayo kwa mtoto wa kiume ni mbuzi wawili (wa kike mmoja). Wengine husubiri akue. Mimi simwambii mtu lini, bali naangalia mambo matatu. La kwanza, tundu la mkojo liko wapi? Likiwa chini ya uume badala ya kwenye ncha, mtoto asitahiriwe, kwa sababu daktari wa upasuaji anaweza kuhitaji govi hilo hilo kurekebisha. La pili, mtoto ana afya na uzito wa kutosha, na hana umanjano? La tatu huwashangaza watu: nauliza habari za wajomba. Yuko mjomba aliyewahi kutoka damu isiyokatika, alipotahiriwa au alipong'olewa jino? Ugonjwa wa damu kutoganda, hemofilia, hupita kwa mama na kumwangukia mtoto wa kiume. Mtoto wa kilo 3 ana damu isiyozidi robo lita hivi mwili mzima, haijai hata chupa ya soda. Tone moja mawili kwenye nepi baada ya tohara ni kawaida. Damu inayoendelea kuchuruzika baada ya kukandamiza dakika 10 ni safari ya hospitali. Utando wa njano unaotanda siku za kupona si usaha, msiusugue.

Suala la wajomba ndilo linalotutoa nepini. Mtoto wa kike ana kromosomu (vibeba urithi) za X mbili, moja ya baba na moja ya mama, na moja ikiwa na hitilafu nyingine huziba pengo. Wa kiume anayo moja tu, ya mama. Ikiwa na kasoro hana akiba. Mapafu ya mvulana aliyezaliwa njiti pia huchelewa kukomaa kuliko ya msichana wa umri ule ule, na wauguzi wa wodi za njiti wanalijua hilo vizuri. Duniani huzaliwa wavulana takriban 105 kwa kila wasichana 100, na wavulana ndio wanaokufa zaidi katika mwezi wa kwanza na mwaka wa kwanza. Hilo dume tunalolishangilia ndilo lenye mwili dhaifu zaidi nyumbani.

Kwa watu wa pwani kuna mfano wa karibu kabisa: upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu. Umeenea sana sehemu zilizokaa na malaria vizazi kwa vizazi, nao hurithiwa kwa njia hiyo hiyo ya X, kwa hiyo wavulana ndio huumia zaidi. Mtoto mwenye upungufu huu anaweza kuishi salama miaka yote mpaka akutane na kitu kinachovunja chembe zake nyekundu za damu. Kimojawapo ni vile vidonge vyeupe vyenye harufu kali vinavyowekwa kwenye masanduku ya nguo kufukuza nondo na mende. Nguo za kaka zimekaa na vidonge hivyo miaka mitatu, mdogo kazaliwa, zinatolewa anavalishwa siku hiyo hiyo. Baada ya siku chache macho ni ya njano. Zifueni, zianikeni juani mpaka harufu iishe kabisa, na vidonge vyenyewe vitoke chumbani. Umanjano ukionekana ndani ya saa 24 za kwanza, au ukifika kwenye viganja na nyayo, usiambiwe "mwoteshe jua tu". Mlete.

Vivyo hivyo na kutapika. Watoto wote hucheua. Lakini mvulana wa wiki 3 hadi 6, mara nyingi mzaliwa wa kwanza, anayenyonya, kisha anatapika kwa kuruka mbali, kisha anataka kunyonya tena kwa njaa, huenda mlango wa kutokea tumboni kuingia kwenye utumbo umekaza. Hali hiyo huwapata wavulana karibu mara 4 zaidi ya wasichana, na upasuaji wake ni mfupi. Na homa: chini ya miezi 3, joto likifika nyuzi 38, usimpe dawa ya duka ukasubiri asubuhi.

Halafu kuna hili la kushiba.

"Nesi, huyu dume maziwa hayamtoshi."
"Ana miezi mingapi?"
"Mitatu."
"Anakojoa?"
"Nepi sita, saba kwa siku."
"Na uzito kwenye kadi unapanda. Sasa nani kasema hashibi?"
Kimya. Halafu, kwa sauti ya chini: "Mama mkwe."

Mama mkwe hakutunga. Mvulana kweli hula zaidi kidogo: kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani mvulana wa kati wa miezi 6 ana kilo 7.9, msichana kilo 7.3, ndiyo maana michoro yao ya ukuaji ni tofauti. Lakini titi hutengeneza kadiri linavyonyonywa. Akiwa na njaa zaidi atanyonya zaidi, na maziwa yataongezeka baada ya siku chache. Ukimpa uji akiwa na miezi mitatu, tumbo linajaa maji na unga, ananyonya kidogo, titi linapunguza, na mwezi ujao mama mkwe anakuwa sahihi. Uji ule mwepesi hauna nguvu ya maziwa, chombo chake kina vijidudu, kuhara kunaingia. Tafiti za nchi nyingi za Afrika kusini mwa Sahara zimeonyesha wavulana wamedumaa zaidi kuliko wasichana. Kumwanzishia mapema kwa sababu ni dume hakumsaidii. Maziwa ya mama pekee mpaka miezi 6, mchana na usiku.

Baba wengine huniambia kumbeba sana kutamfanya legelege. Mwaka 1999 watafiti Katherine Weinberg, Edward Tronick na wenzao walichapisha matokeo ya kuwaangalia watoto wa miezi 6 wakicheza na mama zao, mama akaacha ghafla kuonyesha hisia yoyote usoni, kisha akarudi kucheza. Wavulana walisumbuka zaidi kujituliza, na walihitaji msaada wa mama zaidi. Mbebe, baba. Mbeleko si ya mama peke yake.

Jambo la mwisho, nalo ndilo linalochelewesha watu kuja kwetu: "Wavulana huchelewa kuongea." Kwa wastani huchelewa kidogo tu, si kwa miaka. Mwaka wa kwanza awe anageuka akiitwa jina, anapayuka ba-ba na da-da, ananyoosha kidole kwenye anachokitaka. Akifika mwaka na nusu hana hata neno moja, mlete apimwe masikio kwanza, kabla shangazi hajasema kwamba hata baba yake alikuwa hivyo hivyo.