Kujenga msamiati wa juu wa Kiingereza: rudi kwenye maneno unayodhani unayajua

Wanafunzi wa shahada ya uzamili wanaponiletea rasimu za tasnifu, wengi wana ombi moja: "Mwalimu, naomba unipe misamiati." Wanachotaka ni orodha ya maneno mazito, yale ambayo mtu akiyatamka kikaoni watu wanageuza shingo. Nafundisha Kiingereza cha kitaaluma, na orodha ya namna hiyo huwa siitoi. Rasimu zao zenyewe zinaonyesha kwamba maneno mazito wanayo. "Mitigate" lipo, "notorious" lipo, "comprise" lipo, na yote matatu yamekaa mahali pasipo pake.

Hesabu kidogo kwanza. Mwaka 1953 Michael West, mwalimu aliyefanya kazi miaka mingi Bengal, alichapisha orodha ya maneno ya msingi ya Kiingereza, yapata 2,000. Mwaka 2000 Averil Coxhead wa New Zealand alichambua maandishi ya kitaaluma yenye jumla ya maneno milioni 3.5, akatoa familia 570 za maneno ambazo hazimo kwenye orodha ya West lakini zinajirudia katika sheria, biashara, sayansi na sanaa kwa pamoja. Ni maneno kama "assess", "derive", "constitute" na "consistent". Hakuna la kushangaza hapo, lakini orodha hizo mbili zikiunganishwa zinabeba takribani asilimia 86 ya maneno yote katika maandishi ya chuo. Kisha Paul Nation, naye wa New Zealand, alionyesha mwaka 2006 kwamba kusoma gazeti au riwaya bila msaada kunahitaji familia 8,000 hadi 9,000. Hapo msomaji anakuwa anajua asilimia 98 ya maneno, yaani anakutana na neno geni moja katika kila maneno hamsini.

Familia ya maneno ni kitu tunachokijua vizuri: kutoka "soma" tunapata msomaji, usomaji, somo, somesha, someka. Vivyo hivyo "analyse" lina "analysis", "analyst" na "analytical". Aliyefika chuo kikuu kwa kawaida anayo maneno elfu mbili tatu ya kwanza. Pengo lake liko katikati, kuanzia hapo hadi elfu tisa, na huko hakuna maneno ya kushtua watu. Kuna maneno ya kazi.

Sasa, kujua neno ni nini? Fikiria mgeni anayejifunza Kiswahili ambaye ameambiwa "piga" ni "hit". Atakuta tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga mswaki, tunapiga kura, tunapiga picha, na hakuna anayeumia. Sisi hatujawahi kuona ajabu, kwa sababu tulilipata neno hilo likiwa pamoja na wenzake. Kiingereza nacho ndivyo kilivyo. Mvua yao ni "heavy" wakati yetu ni kubwa. Chai ya majani mengi ni "strong". Uhalifu mtu ana-"commit", uamuzi ana-"make", hitimisho ana-"draw". Anayeandika neno bila kujua linaandamana na nani anajaza nafasi kwa Kiswahili chake, na ndiyo maana "discuss about" na "emphasize on" zimejaa kwenye ripoti zetu: tumejadiliana kuhusu, tumesisitiza juu ya.

Tulichukue "mitigate" tulitazame kwa karibu. Rasimu inasema: "The government should mitigate against floods." Asili ya neno ni Kilatini, "mitis", yaani laini, pole. Ku-"mitigate" ni kupunguza ukali wa kitu, na kitu hicho kinafuata moja kwa moja bila "against": "mitigate the effects of floods", "mitigate the risk". Linalotaka "against" ni jirani yake wa sauti, "militate", lenye asili ya askari, na maana yake ni kuwa kikwazo: "Poor drainage militates against development." Kisha nenda mahakamani, pale mshtakiwa anapokuwa ameshatiwa hatiani: anapewa nafasi ya "mitigation", hoja za kuomba apunguziwe adhabu. Ulaini ni ule ule. Andika yote hayo kwenye ukurasa mmoja wa daftari, pamoja na sentensi nzima uliyoikuta kwa mtu mwingine na sentensi yako mwenyewe kuhusu kazi yako. Ukurasa huo una thamani kuliko maneno ishirini yaliyopangwa safu mbili, Kiingereza kushoto na Kiswahili kulia.

"Notorious" ni tatizo la aina nyingine. Kamusi ndogo zinaandika "maarufu" na mtu anamsifu profesa wake kwa neno hilo. Lakini hilo ni neno la jambazi sugu, la mtu aliyejulikana kwa ubaya. Hapa panahitaji sikio, na sikio hilo tayari unalo kwa Kiswahili. Mbuzi amekufa. Baba wa rafiki yako amefariki. Hutazichanganya hata usiku wa manane. Kiingereza kina ngazi nyingi za namna hii kwa sababu ya historia yake: baada ya Wanormani, watu waliotoka kaskazini mwa Ufaransa, kuiteka Uingereza mwaka 1066, Kifaransa kilikaa ikulu na mahakamani, Kilatini kikakaa kanisani na kwenye vitabu, na lugha ya wenyeji ikabaki nyumbani na shambani. Ndiyo maana kuuliza kuna "ask" la wenyeji, "question" kutoka Kifaransa na "interrogate" kutoka Kilatini, na kadiri unavyopanda ndivyo neno linavyozidi ubaridi. Polisi ana-"interrogate". Mama hamfanyii hivyo mwanawe.

Jambo hili linatuhusu sana sisi tuliojifunzia Kiingereza darasani. Tulianza na ngazi ya juu. Nakutana na wengi wanaojua "tolerate" lakini hawajawahi kutumia "put up with", wanaojua "reject" lakini si "turn down". Wanasoma ripoti bila shida, kisha wanapotea kwenye mazungumzo ya kawaida ya wenye lugha. Kwa mtu wa namna hiyo, msamiati wa juu ni hivyo vitenzi vifupi vya wenyeji, na ningemshauri aanze navyo kabla ya kugusa Kilatini kingine chochote.

Kuhusu kusoma, ushauri wangu ni mmoja: usirukeruke. Chagua mada na ukae nayo. Anayefuatilia mafuriko ya Bonde la Msimbazi, Dar es Salaam, kwa kusoma ripoti moja baada ya nyingine atakutana na "runoff", "catchment", "encroach", "resettlement" na "mitigate" tena na tena, kila mara katika sentensi tofauti, na habari yenyewe anaijua, kwa hiyo maana inajitokeza bila kufungua kamusi. Anayesoma siku moja michezo, kesho unajimu, keshokutwa mapishi, anakutana na kila neno mara moja tu, na analisahau. Mwanasaikolojia wa Kijerumani Hermann Ebbinghaus alipima usahaulifu huu tangu mwaka 1885. Dawa yake ni marudio yanayoachana: kesho, siku tatu, wiki, mwezi. Anki, programu ya kadi za kujikumbusha kwenye simu au kompyuta, inakupangia ratiba hiyo, na kadi za karatasi zinatosha pia.

Kamusi nayo ichaguliwe. Kamusi ya Kiingereza kwa Kiswahili ni nzuri kwa hatua ya kwanza. Baada ya hapo tumia kamusi ya wanaojifunza lugha, kama ile ya A. S. Hornby, aliyefundisha Japani na ambayo toleo lake la kwanza lilitoka huko huko mwaka 1942. Leo inaitwa Oxford Advanced Learner's Dictionary, inasomeka bure mtandaoni, inaonyesha neno linaandamana na nini, na inakutamkia.

Usipuuze hilo la kutamka. Kiswahili chetu huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, iwe kiTAbu au kitaBUni. Kiingereza huuhamisha ndani ya familia moja: PHOtograph, phoTOgraphy, photoGRAphic. Neno lenye mkazo mahali pasipo pake linaweza lisieleweke kabisa, hata kama sauti zote ziko sawa. Kuna kanuni inayookoa mengi: neno likiishia na "-tion", "-ity" au "-ic", mkazo hukaa silabi inayotangulia kiishio hicho. MitiGAtion, aBIlity, ecoNOmic. Yapo machache yanayokiuka, kama "Arabic" na "lunatic", na hayo unajifunza moja moja.